Baraza Ulilolifuta

Shinyanga,
Agosti 1972

Ansgar,

Shikamoo yako imenifikia kwa mdomo wa Majaliwa, dereva wa basi. Marahaba sijaitoa.

Huku hatujambo. Msimu wa pamba umefunguliwa, mji mzima ni vumbi na malori. Mama anakuulizia kila jioni, nami namwambia una kazi nyingi huko Dar es Salaam.

Michoro yako ya jengo jipya tumeiona. Wakubwa wa ushirika wameibandika ofisini, palepale ilipokuwa ya mume wangu. Ghorofa kumi na mbili badala ya sita zake, na vioo mbele tangu chini mpaka juu. Vioo, kwa jua hili! Gelasius alikunja karatasi zake akarudi nyumbani, na tangu hapo hajagusa penseli.

Umewaandikia kwamba lile baraza pana alilolichora chini linapoteza nafasi. Mimi ndiye niliyemwomba alichore. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama siku baba alipoanguka kwenye foleni ya mizani, juani, amekumbatia gunia lake la pamba. Kivuli kilikuwa cha karani peke yake. Baba hakuinuka tena, na kisa hicho umekisikia tangu utotoni.

Basi jenga, msomi. Wakulima wakichoka kusubiri juani, watajitazama kwenye vioo vyako.

Siku utakayolirudisha baraza la baba yako, njoo unisalimie. Nitaitika.

Dada yako,
Serafina