Rukia Aliulizwa Mara Tatu

Mama,

Jana alasiri Ami alikuja kumuuliza Rukia kama aridhia kuozwa. Baba alikutangulia, nawe una miezi mitano sasa tangu ututoke, kwa hiyo Ami, nduguye Baba, ndiye walii wetu wa kutuoza, na posa aliipokea bila kushauriana na mtu. Mwenye kuposa ana duka Mambrui. Si mtu mbaya, Mama. Mimi mwenyewe nilimwambia mdogo wangu akubali tu, tupumue. Hilo ndilo linaloniuma.

Akasema sawa. Ungekuwapo ungeisikia ile sawa. Siku tatu hakula. Alipopakwa hina, alinyoosha mikono huku anatazama ukuta.

Nikakumbuka siku nilipokuuliza jikoni, unakanda unga wa mahamri, mtu hukubalije shingo upande. Ukasema, "Mwili umekuja, moyo umebaki kwao." Kisha ukanieleza ulivyoulizwa wewe. Ulilia, na wazee nje ya pazia wakasema ni haya tu za mwari, wakaenda zao kukuozesha. Ukaendelea kukanda. Mimi nikatia iliki.

Basi jana Ami alisimama nje ya pazia na mashahidi wawili.

"Rukia, waridhia nikuoze?"

Kimya. Akauliza tena, kimya. Shangazi akaninong'oneza kuwa kimya cha mwari ni idhini. Mkono wa Rukia ulikuwa ndani ya wangu, wa baridi. Mara ya tatu akaanza kulia. Nikasikia shahidi mmoja akisema alhamdulillahi, na viatu vinatafutwa.

Nilifungua pazia, Mama. Mbele ya wanaume.

"Ami, huyu amekubali shingo upande, na mimi ndiye niliyemsukuma. Mngoje ajibu kwa mdomo wake."

Tukangoja. Sijapata kungoja vile, hata siku ile hospitalini kwako.

"Sitaki," akasema Rukia.

Ami aliondoka bila kuaga. Shangazi anasema nimeuvua ukoo nguo. Mahamri ya wageni yamebaki beseni zima, na leo asubuhi Rukia amekula matano, kwa mbaazi.

Wewe hakuna aliyekungoja. Nalia ninapoandika hili.

Pumzika, mama yangu. Nakuahidi Ijumaa nitakwenda kwa Ami kumwomba radhi kwa kufungua lile pazia. Kwa ile sitaki ya Rukia, sitaomba.

Mwanao,
Mwanaisha