Nani Alikufundisha?

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa 5

Ombeni anaota meno. Ameniuma titi mara mbili leo. Nilipiga kelele, akacheka. Nikacheka na mimi. Sombe, majani ya muhogo, nilikuwa sijamaliza kuitwanga, akina mama wakafika. Mkeka nyuma ya jiko kama kila Jumatatu na Jumatano.

Wako sita. Tumefika somo la kumi na moja, meza ya Bwana. Hakuna hata mmoja anayejua kusoma. Na mimi niliishia darasa la tano primeri tu, Kasongo kwa shangazi. Ninasoma polepole, wanarudilia. Masomo yako kwenye kaye, daftari aliloniachia mwinjilisti wetu alipokwenda kuchimba dhahabu Salamabila. Alisema wiki mbili. Huu ni mwezi wa saba tangu aondoke.

Bibi Safi anashika kuliko wote. Mzee kabisa, meno ya mbele hakuna, lakini neno likimwingia halitoki. Leo aliwagombeza wenzake. "Mulikuya kusoma ao kulala?"

Pasta atakuja na pikipiki tarehe 18. Atawauliza maulizo kanisani, kisha atawabatiza mtoni. Watu sita ndani ya maji.

Jumatano, tarehe 7

Mzee Kalonda alipita wakati wa somo. Ndiye mkubwa wa wazee wa kanisa. Alisimama kwenye kona ya jiko, hakusalimia. Si kawaida yake. Nilimletea kiti, akakikataa. Akauliza kama mwinjilisti amerudi. Nikasema bado. Akaenda.

Somo halikuendelea vizuri baada ya hapo.

Jumapili, tarehe 11

Leo Mzee Kalonda alisoma Timoteo wa kwanza, sura ya pili. Mwanamke asifundishe. Asimtawale mwanaume. Atulie. Akafunga Biblia akasema ubatizo ni kazi ya kanisa, kwa hiyo mafundisho ya ubatizo ni kazi ya kanisa, hata mkeka ukiwa nyuma ya jiko la mtu. Jina langu hakulitaja. Haikuwa lazima. Benchi zote ziligeuka. Nilitazama kisigino cha mtoto mpaka ibada ikaisha.

Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Wakati wa vita tulipokimbilia porini, yeye aliacha godoro na sufuria zake, akabeba Biblia ya kanisa kichwani. Siku tatu za mvua, haikulowa. Ndiyo hiyo hiyo aliyosoma leo. Anaamini anachosema.

Alisoma mpaka mwisho wa sura, pale panaposema mwanamke ataokolewa kwa kuzaa. Tulipotoka Bibi Safi akanivuta kitenge. Hakuzaa. Sisi wote tunaitwa kwa watoto wetu, mimi ni Mama Ombeni. Yeye hakuna aliyewahi kumuita mama wa fulani.

"Na miye nitaokolewa na nini?"

Nilimwambia nitatafuta. Nimeumia.

Jumatatu, tarehe 12

Nimetafuta asubuhi yote, nikichunga mpunga juani na kufukuza kuku. Nimeandika hapa nisisahau.

Prisila na mume wake walimchukua Apolo nyumbani kwao wakamweleza njia ya Mungu vizuri zaidi. Apolo alikuwa mwanaume na msomi. Fibi, Paulo mwenyewe anasema alikuwa mtumishi wa kanisa, na anaomba watu wampokee. Maria alitumwa kuwaambia wanaume kwamba Bwana amefufuka. Kama angetulia je?

Lakini ya Timoteo nayo iko. Siwezi kupasua ukurasa. Labda huko kwa Timoteo kulikuwa na wanawake waliovuruga kanisa, Paulo akawatuliza hao. Labda hapana. Mimi wa la tano najua nini? Nikisoma upande mmoja naona nina haki. Nikisoma upande mwingine naogopa.

Jibu la Bibi Safi nimelipata. Yule mwizi msalabani. Hakuzaa, hakubatizwa, hakufanya lolote jema tunalolijua, aliomba tu akumbukwe. Nilimwambia kwenye mkeka.

"Basi Paulo alikuwa anasema mambo ingine," akasema.

Wote sita walikuja leo, lakini walitaka tukae ndani ya jiko. Moshi umetutoa machozi sote.

Alhamisi, tarehe 15

Mzee Kalonda alimuita mume wangu. Baba Ombeni ni shemasi, hawezi kukataa kuitwa.

Jambo lenyewe ni hili. Kwetu, siku ya maulizo, swali la mwisho ni lile lile kwa kila mtu: nani alikufundisha? Unamtaja, yeye anasimama mbele ya kanisa na kusema ni mimi, ninamjibia. Bila mtu wa kukujibia huingii majini. Mzee Kalonda anasema wakitaja mwanamke atawazuia wote sita. Wakimtaja Baba Ombeni atanyamaza. Hataki vita mbele ya pasta.

Baba Ombeni aliniambia huku anakula, hakunitazama.

"Ni jina tu. Weye na miye si mwili moja?"

Nikamuuliza, kama yeye ndiye mwalimu, somo la nne linasema nini. Akatafuna. Akasema linasema mke apunguze pilipili. Tulicheka. Kisha nilikasirika sana. Miezi saba, moshi, mtoto mgongoni, na yeye ndiye atakayesimama.

Lakini nikiwafikiria wale sita ninaona sina njia. Nimekubali. Jina si kitu, maji ndiyo kitu. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo.

Jumamosi, tarehe 17

Nimewaambia. Watano walitikisa kichwa haraka, walikuwa wameshaogopa kukosa ubatizo. Bibi Safi alikuwa anatoa mawe kwenye mchele. Aliuliza kitu kimoja.

"Tutasema vile mbele ya Mungu?"

Nikasema ndiyo, mbele ya Mungu.

Akaendelea na mchele wake. Hapo ndipo nilipaswa kurudi nyuma. Sikurudi.

Pasta amefika jioni, matope mpaka kwenye kiti cha pikipiki. Amechoka. Nimempikia kuku.

Jumapili, tarehe 18

Sitaki kuandika. Naandika.

Kanisa lilijaa. Nilikaa nyuma, upande wa wanawake, Ombeni ananyonya. Pasta aliwaita mmoja mmoja. Wamejibu vizuri. Nilikuwa nayasema majibu moyoni kabla yao. Mama wa kwanza alipoulizwa nani alikufundisha, alinitazama mimi, kisha akasema Shemasi Baba Ombeni. Mume wangu akasimama. "Ni miye, ninamujibia." Sauti ndogo. Wa pili vile vile. Wa tatu, wa nne, wa tano. Kila mara anasimama, kila mara sauti inapungua.

Bibi Safi akawa wa mwisho. Alijibu yote bila kukwama, hata swali la meza ya Bwana ambalo wengine walilichanganya. Pasta akatabasamu.

"Nani alikufundisha, mama?"

"Mama Ombeni. Ku mukeka yake."

Mzee Kalonda akasema taratibu, "Bibi, sema Shemasi."

"Shemasi? Shemasi alikuwa anakuya kutafuta bugali tu!"

Watu walicheka. Hata wanaume. Mume wangu alitazama viatu vyake. Pasta hakucheka. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Mama Ombeni, ni kweli?"

Nikisema kweli, wale watano wamesema uongo mbele ya kanisa, wanarudi nyumbani wakavu. Mume wangu ni mwongo. Nikisema si kweli, Bibi Safi ndiye mwongo. Niliinamisha kichwa, nikamweka mtoto vizuri kwenye titi ingawa alikuwa ameshalala.

Nilinyamaza.

Mzee Kalonda akasema uzee umemchanganya bibi. Pasta akangoja kidogo tena. Kisha akaandika majina matano, akamwambia Bibi Safi angoje safari nyingine. Hakubisha. Alivuka kanisa lote akatoka.

Mtoni niliimba pamoja na wengine. Watano waliingia majini na kutoka wakilia kwa furaha. Nami nililia, watu wakadhani ni furaha.

Mwanamke atulie, imeandikwa. Leo nimetulia. Na huo ndio uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema.

Jumatatu, tarehe 19

Asubuhi mapema nilimwambia Baba Ombeni ninakwenda kwa pasta. Akasema nitamuua kwa aibu. Nikasema njoo basi tufe wawili. Hakuja. Nilipokuwa njiani nikasikia hatua nyuma yangu. Alikuwa yeye, bila viatu.

Pasta alikuwa anaziba tairi. Nimesema yote, kaye nimemwonyesha. Baba Ombeni akasema uongo ulikuwa wake mara tano. Pasta aliendelea kusugua gundi. Nikadhani hasikii.

Kisha akasema waliozama wamezama, maji hayatawatapika. Sisi wawili tusikaribie meza ya Bwana mpaka atakaporudi. "Si juu ya kufundisha," akaniambia. "Ni juu ya kunyamaza." Kuhusu kufundisha alisema kanisa letu lenyewe halijamaliza kubishana, na yeye hawezi kulimaliza hapa na mikono ya gundi. Atasema na Mzee Kalonda. Atarudi kiangazi kikiisha.

Na Bibi Safi? Hawezi kumzamisha leo bila kanisa kukaa kikao. Nikamwambia ni mzee, huenda asifike. Akasema anajua. Nilimchukia. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui kama ni vumbi.

Nilipita kwa Bibi Safi. Mlango umefungwa. Niliita. Nilisikia akikohoa ndani.

Jumatano, tarehe 21

Nimetandika mkeka. Hakuna aliyekuja. Watano wameshabatizwa, hawana sababu. Bibi Safi hakuja.

Baba Ombeni alikaa na mimi. Akasema, "Nisomee ile somo ya ine." Nilimsomea.

Jumatatu, tarehe 26

Mzee Kalonda alikuja. Safari hii alikaa kwenye kiti. Alisema yeye hajabadili neno, Timoteo ni Timoteo. Lakini kwamba alimfundisha Bibi Safi, mzee mwenzake, kudanganya mbele ya Mungu, hilo linamnyima usingizi. Nikamuuliza Prisila anamweka wapi. Akafikiri kweli kweli. "Sijui, mwanangu. Niache nisome." Aliondoka bila kunywa maji.

Sijui nina matumaini au nimechoka tu.

Jumapili, tarehe 1 mwezi wa 6

Meza ya Bwana. Pasta akiwa hayuko, Mzee Kalonda anaruhusiwa kuigawa Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Wasiokula wanakaa benchi la mwisho. Upande wa wanaume, mume wangu peke yake na vijana wasiobatizwa. Upande wangu, wasichana, na Bibi Safi mwishoni kabisa. Nilisimama na mtoto mgongoni, sikujua kama nina ruhusa ya kukaa karibu naye.

Alisogea. Kidogo tu, nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Nilikaa.

Sahani ya mikate ilifika benchi la mbele yetu, ikarudi. Alifungua mkono wa Ombeni, akahesabu vidole vyake, akaufunga.

"Kesho ni nani anafundisha?" akaninong'oneza.

"Ni miye."

Sikunong'ona. Mbele yetu vichwa viwili viligeuka.