Hodi ya Ghorofani

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba, mwanangu. Huku sote wazima. Mama yako kikohozi kimemwachia, na mdogo wako kang'oka jino la mbele, hataki kucheka.

Umeniuliza kama uache kazi huko Kendwa uje mjini, kwenye jumba lile kuukuu wanalolifanya hoteli, maana umesikia lina wenyewe wasioonekana.

Nilipokuwa msichana jumba hilo lilikuwa ofisi, nami nikipiga taipu ghorofani. Kabla yake lilikuwa nyumba ya watu. Wakaondoka, mji ukageuka, hayo tuyaache.

Asubuhi moja nilifika wa kwanza. Ufunguo ninao mkononi, lakini sisi hatujui kuingia mahala kimya, nikasema, "Hodi!"

Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, "Karibu, mwanangu. Vua viatu, nshapiga deki."

Nikavua, nikafungua. Hamkuwa na mtu. Sakafu imerowa, na udi unanukia.

Nikakaa kwenye mashine yangu miguu mitupu. Wenzangu wakaja mmoja mmoja. Kila aliyeiona miguu yangu aliinama, akavua viatu vyake, akenda mezani kwake. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Basi njoo, kazi ni kazi. Sisi tuliliita ofisi, hao wataliita hoteli, na mwenye nyumba anapiga deki yake. Ukifika piga hodi, kisha usikilize.

Na kabla hujaja, nunua viatu vinavyovulika upesi.

Bibi yako,
Zuwena