Sura ya Babu Safari Usiitoe

Konde,
Kaskazini Pemba.
9 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Yumna,

Assalaam alaykum. Vipi hali yako, na vipi magoti? Joto la Maskati limepungua, au bado mnajifungia na viyoyozi? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Baba, kaka yako, kikohozi kimemwacha na amesharudi Kengeja kwenye mihogo yake.

Shangazi, nimeolewa! Najua unajua, harusi uliiona kwenye simu, lakini kila nikiamka hulisema neno hilo taratibu nihakikishe siyo ndoto. Suhail akirudi dukani huniletea asumini ndani ya jani la mgomba, na chai hainywi mpaka nikae karibu yake. Kicheko chake hufika mlangoni kabla yake. Nikiandika yote utaona haya kwa niaba yangu, basi niache.

Nimeshika kalamu badala ya kukutumia sauti kwa sababu ya kitabu chako cha maisha. Barua hii anakuletea Fahmi, binamu yake Suhail, ili uisome umetulia. Uliponitumia kurasa zote kwenye simu, uliniambia kwamba kabla hujazipeleka kuchapwa utaitoa sura ya baba yako, Babu Safari. Ulisema nimeolewa katika ukoo wa wenyeji wa asili, na hutaki nisimangwe kwa ajili ya babu aliyetoka bara. Nimelifikiri sana neno lako. Naomba usiitoe.

Nikueleze kilichotokea. Bibi harusi ndani ya fungate hana kazi: hupikiwa, hufukizwa udi, hulala. Macho yangu yalichoka na simu, Suhail akasema atanisomea sura ya Babu. Nikajilaza nikimsikiliza, na moyo wangu ukiyeyuka kama samli. Lakini mume wangu husoma kama khatibu wa Ijumaa! Nilisahau kabisa kwamba nje ya dirisha mama mkwe wangu, Bi Mwanawema, alikuwa amekaa na jirani zake wakichambua karafuu, vijiti vyake vya makonyo wakivitupa kando.

Akasoma jinsi Babu alivyokuja kuchuma karafuu, akaanguka mtini na mguu ukaunga kombo. Akasoma jinsi Bibi alivyosuka ukili mpaka vidole vikachanika, ili wewe na Baba msome. Akafika pale ulipochumbiwa, wazee wa yule kijana wakauliza ukoo wenu, posa ikavunjwa. Hapo akaacha kusoma. Ndipo nikawakumbuka walioko nje. Nikajifunika khanga usoni. Niliona unyumba wangu, mchanga hivyo, nimeuharibu mwenyewe.

Mara dirisha likagongwa.

"We Suhail! Wamwacha mtoto wa watu na posa iliyovunjwa, wanyamaza? Hebu soma, twataka kujua alifanyaje!"

"Mama, kumbe mnasikiliza?"

"Mtaa mzima wasikiliza. Bi Kazija huyu yualia, makonyo ayarudisha kwenye karafuu!"

Basi akafungua dirisha akasoma hadi mwisho wa sura. Baadaye mama mkwe aliingia akakaa kitandani kwangu. "Mwanangu," akaniambia, "weye wadhani tulikuposa bila kuuliza? Pemba hii? Babu yako tulimjua kabla hatujajua kama wapenda chai ya maziwa au ya rangi." Nikacheka, kisha nikalia mapajani mwake.

Sitaki ufikiri kwamba wote wamefurahi. Ami Abdulsamad, ndugu wa marehemu baba mkwe, alipokuja kula siku ya kumaliza fungate alikuwa ameshapata habari. Nilimsikia kutoka ndani akisema, "Kujua ni kujua, Bi Mwanawema. Kuchapisha ni kutangaza. Watu watasoma."

"Na wasome! Karafuu zilizokusomesha weye zilishuka mtini zenyewe?"

Ami akapaliwa na kahawa. Hajaridhika mpaka leo, na salamu zangu huziitikia nusu nusu. Nimejiuliza kama nitaweza kuvumilia. Nikienda harusini nikasikia minong'ono, nitaumia, siwezi kujidai kwamba sitaumia. Suhail anasema tutaumia wawili. Ndiyo maana nampenda.

Tulipokuwa sekondari, vitabu vya maisha ya watu vilinichosha. Kila mtu alianza maskini akaishia mkubwa, utadhani njia ilikuwa ya lami. Chako hakiko hivyo. Katika sura ile Babu anachechemea kwenda kuomba kazi kwa tajiri yule yule mwenye mti uliomwangusha, naye anamwambia asubiri nje, na Babu anasubiri. Hukumfanya shujaa, wala hukumlilia. Umemwacha tu amesimama pale, na mimi nikamwona. Sikuwahi kumwona Babu kabla ya hapo, Shangazi. Alikufa sijazaliwa, na nyumbani hatukuwa tukimzungumza.

Ukiitoa sura hiyo, atabaki mwanamke aliyepanda ndege akafanikiwa, na msomaji hatajua mwanamke huyo alitoka wapi wala aliumizwa na nini. Tena utakuwa umeitoa kwa ajili yangu. Wale waliovunja posa yako walimkataa Babu mara moja. Usinifanye mimi niwe wa pili.

Kama bado moyo wako ni mzito, basi nakuachia. Kitabu ni chako, na jeraha ni lako. Ila nijibu kabla ya kuwapa wachapaji, uniambie ulichoamua.

Msalimie sana Mjomba Nyange, na mwanao Shamima umwambie zawadi yake ya manukato imenipendezesha kwa Suhail kupita kiasi. Bi Mwanawema anakusalimu na anataka nakala yake. Baba pia anakusalimu. Nilimpigia simu nikamsomea sura yote. Nilipomaliza akasema, "Mwambie Yumna aongeze kwamba Baba yetu alikuwa akiimba akiwa juu ya mti. Hilo amelisahau."

Mungu akupe siha na akufungulie kila lililo zito.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kwa moyo wote,

Rahila Jecha Safari