Cheti Kinachochacha

Maskati

Mama yangu,

Kuna sauti moja hainitoki, sauti ya nyundo. Siku nakala ya cheti changu cha mitandao ya kompyuta ilipofika nyumbani, nilipiga simu. Baba hakungoja hata salamu. Aliuweka mkono wa simu juu ya meza, akasema, "Sikiliza," nikamsikia anakipigilia ukutani, chokaa inamwagika, na wewe unapiga kelele: "Utatuangushia nyumba, bwana wewe!"

Shikamoo, Mama. Nakubusu mikono. Mguu unaendeleaje? Usingizi unaupata? Usiniambie hujambo kwa sababu tu niko mbali. Mimi mwili mzima. Nakwenda kazini, narudi, nakula nikikumbuka.

Mwezi wa tatu huu umo edani tangu Baba atutoke, na niliahidi kuja kukaa nawe. Halafu nikakwambia kwa simu kwamba cheti kinafika mwisho wake, kwamba kila baada ya miaka mitatu lazima nifanye mtihani upya, la sivyo hakihesabiki. Ukauliza: "Aliyehitimu Kurani kahitimu. Hiyo elimu gani inayochacha kama tui?"

Dada Zuwena, aliyeiacha nyumba yake Bwejuu ili usilale peke yako, alikunyang'anya simu. "Basi hizo karatasi zako ndizo zije zikae eda na Mama!"

Ana haki. Baba nilimwahidi kuja Idi mbili, na zote mbili nilikuwa nasomea mtihani. Idi ya tatu hakuifikia.

Umeniuliza kama vyeti hivi vina faida. Nami najiuliza kila siku. Hiki changu kilinifungulia mlango, hilo siwezi kulikana; ofisini walikisoma kabla hawajasoma jina langu. Lakini kazi yenyewe sikuijua mpaka nilipojilaza chini ya meza kufuata waya pamoja na Ami Nassor. Huyu alizaliwa Malindi, akaja huku angali kijana, na hana cheti hata kimoja. Mtambo ukizimika wanamwita yeye. Cheo nimepewa mimi. Hunitania: "Mwanangu, hebu uoneshe hicho cheti chako, labda utaona haya uwake."

Wiki iliyopita nilimweleza habari ya eda yako. Safari hii hakutania. "Nenda kwenu ukakae na mamako," alisema. "Mie wangu nilikuta kaburi."

Nilitaka kumtii. Nilishaanza kupanga nguo moyoni. Kisha akapita mkuu wetu, ambaye kwa umri ni mwanawe, akamwambia aihamishe meza yake kule nyuma ya mlango. Pale alipo anakuja mtu mpya, mwenye vyeti. Ami Nassor alijibu, "Haya," akachukua kikombe chake cha chai na kuondoka nacho. Hakuna aliyenyanyua kichwa. Hata mimi.

Niliogopa, Mama. Niliona haya pia, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi.

Nisalimie Dada Zuwena, hata asipoitika. Nisalimie Mjomba Abdalla, aliyeshuka kaburini kumlaza Baba, kwa kuwa Baba hakuwa na mtoto wa kiume, na Bi Fatma jirani yetu anayekuletea uji.

Nimekuandikia barua kwa sababu kwenye simu ningekusikia unavyovuta pumzi, nami ningesema uongo. Ningesema ofisi imeninyima ruhusa. Ruhusa walinipa, siku kumi na nne, imetiwa saini. Niliirudisha mwenyewe. Jumatatu nimefanya mtihani, nimefaulu, na eda yako itakwisha mimi nikiwa huku. Sitaki unitafutie udhuru kwa watu. Nakuomba radhi zako tu, ukiweza.

Mwanao,
Rukia