Dawa Asiyoitengeneza Shangazi

Shangazi mpendwa,

Sisi wazima, isipokuwa Bibi. Kaka amevunja kiti cha sebuleni na anamsingizia paka.

Shangazi, nimechoka kueleza kazi yako. Nimewaambia hapa nyumbani kwamba wewe ni mwanakemia wa hesabu tu, kwamba unakokotoa jinsi elektroni zinavyokaa ndani ya molekuli, na kwamba kwa miaka kumi na minane hujashika hata chupa moja ya maabara. Baba ananijibu, "Kemia ni kemia. Acha ujuaji." Jirani naye ameleta cheti chake cha hospitali nikutumie, umtengenezee dawa.

Hayo ningeyavumilia. Ila juzi nikitandika kitanda cha Bibi nilikuta vidonge vyake vya presha chini ya godoro, vya wiki tatu nzima.

"Mwanangu ananitengenezea dawa yangu mwenyewe," akasema. "Hivi vya dukani nivimeze vya nini?"

"Bibi, Shangazi hatengenezi dawa."

"Una wivu tu, mjukuu wangu."

Anadai ulimwahidi kwenye simu. Nadhani ulisema "tutaona, Mama" kwa sababu kueleza kunachosha. Lakini jana alishikwa na kizunguzungu akaanguka jikoni. Baba akimpa vidonge, anavitema.

Simu hupokei siku ya nne sasa, ndiyo maana naandika kwa barua pepe yako ya chuo. Mpigie leo. Usimweleze habari za elektroni, nimeshajaribu. Mwambie tu kwamba wewe, mwanawe, hujui kutengeneza dawa.

Nimekaa karibu na simu,
Binti wa kaka yako