Miaka Miwili Mingine

Jumatatu, 3 Novemba
Kandura sitini na mbili kabla ya adhuhuri. Mgongo unauma upande wa kushoto, kama kawaida. Miaka ishirini na minne nipo kwenye meza ile ile ya pasi, duka lile lile la dobi, Oud Metha, katika mji huu wa Waarabu. Kandura ni kanzu tu, ila ole wako uipige pasi kama kanzu. Wenyewe wanataka kifua kisimame, mikono isiwe na mkunjo, na lile shada la nyuzi la shingoni lianguke lenyewe.

Saa nane meneja kaniita pembeni. Mhindi wa Kerala, ningeweza kumzaa, huniita Anko. Viza yangu inakwisha tarehe kumi na mbili Desemba. Nimeshatimiza sitini. Kampuni iko tayari kuniongezea miaka miwili mingine, ila nijibu kabla mwezi huu haujaisha.

Nikasema nitamjibu kesho. Kwa nini kesho? Jibu ninalo tangu mwaka jana. Nastaafu, narudi Tanga. Mdomo ndio uliokataa.

Jumanne, 4 Novemba
Sikumjibu.

Ijumaa, 7 Novemba
Siku ya mapumziko. Nilisali hapa hapa Al Quoz, msikiti wa karibu na kambi ya wafanyakazi tunakolala, kisha nikampigia mke wangu, Zaina, simu ya video. Ijumaa baada ya sala ndiyo saa yetu tangu simu hizi ziingie. Alikuwa amekaa kitandani, ukuta wa kijani nyuma yake, pale pale kila wiki. Anasema ndipo mtandao unaposhika.

Nikamwambia nafikiria kurudi. Akauliza, "Likizo?" Nikasema hapana, moja kwa moja.

Kisha akasema: "Asubuhi utakuwa unafanya nini?"

Mke wa ndoa ya miaka thelathini na miwili. Nilitegemea angalau apige kigelegele kimoja. Nimeudhika, na naandika hapa kwamba nimeudhika.

Hata hivyo jibu ninalo. Sebule yangu ina dirisha kubwa la barabarani. Pale naweka meza ya pasi. Watu wa harusi, mashekhe, vijana wa Ijumaa, wote watapita. Sikumwambia. Nataka aone kwa macho.

Jumamosi, 8 Novemba
Mzee Nasoro kaja na kanzu yake moja. Huyu ni Mzanzibari wa familia za zamani za hapa, alikuwa na cheo ofisi ya bandari, kastaafu miaka sita sasa. Kila siku ya Mungu analeta kanzu moja na kuchukua ya jana. Ningemwambia alete saba kwa wiki apumzishe miguu, lakini anapenda kusimama kaunta na kulalamika. Leo kalalamikia barabara, wanga tunaotia nguo, na mchele wa siku hizi. Ana sabini na moja. Nimemwamkia shikamoo mara mbili, ya kwanza hakuisikia kwa kelele zake mwenyewe.

Jumanne, 11 Novemba
Nimeunguza kandura.

Miaka ishirini na minne, sijawahi. Kifuani kabisa, karibu na shada. Alama ya kahawia, umbo la ncha ya pasi. Mwenyewe alikuwa anaivaa jioni harusini.

Mkono haukutetemeka, macho yapo. Nilikuwa Tanga. Nilikuwa napima urefu wa meza kichwani, kama itapita mlango wa sebule au tuivunje miguu kwanza.

Meneja hakunifokea. Hilo ndilo lililoniuma. Kamtuma mtu akanunue nyingine mpya, kisha kanihamishia kwenye mashine ya mashuka. Kasema, Anko, pumzika kidogo huku. Mashuka! Unashika ncha mbili, mashine inafanya yote. Ni kazi ya mtu aliyeanza jana.

Juma kanicheka njiani kurudi, kwenye basi la kampuni. Ni dereva wetu wa kupeleka nguo, mtoto wa Mombasa, tunalala chumba kimoja. "Mzee, hiyo ni sign. Umechoka. Enda home." Nikamwambia nitaondoka kwa mlango, sitaondoka kwa tundu la kandura. Nasema na hapa tena: kama naondoka, naondoka nikiwa mezani kwangu.

Ijumaa, 14 Novemba
Siku mbaya. Niandike kabla sijaipamba.

Nilimpigia Zaina nikamwambia habari ya meza. Nikaeleza kila kitu, dirisha, pasi, wateja. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema sebule haipo.

Haipo vipi? Nyumba nimeijenga mimi. Tofali kwa tofali, kwa kandura za watu.

Akasimama na simu, akatoka chumbani. Mara ya kwanza naiona nyumba yangu inatembea. Sebule ni darasa. Mikeka, ubao ukutani, herufi kubwa za rangi, kamba ya mabegi madogo. Makochi yangu hayapo. Chekechea. Watoto ishirini na sita. Mwaka wa tatu huu.

Miaka mitatu! Likizo ya mwisho niliiuza kwa kampuni, kwa hiyo ni karibu miaka minne sijakanyaga. Lakini simu kila Ijumaa? Nikauliza mbona hukuniambia. Akasema: "Kila wiki unaniuliza kama pesa imefika na kama paa linavuja. Sijakuficha, Bakari. Hukuuliza."

Hata binti yetu, aliyeolewa Dodoma, anajua. Alidhani na mimi najua.

Ndiyo ujinga wetu sisi wa huku. Unatazama kipande cha ukuta wa kijani, unasema nimeona nyumbani.

Nimekata simu. Sijawahi kumkatia.

Jumapili, 16 Novemba
Hasira. Nimepiga hesabu kitandani. Ndoa ya miaka thelathini na miwili. Ishirini na minne nipo huku. Likizo kumi na moja za mwezi mmoja. Yaani ndani ya nyumba ile mimi nimelala miezi kumi na moja tu. Mpangaji wa chumba cha uani kanizidi.

Zaina kaleta ujumbe wa sauti. Sijaufungua.

Jumatatu, 17 Novemba
Nimemwambia meneja naongeza. Miaka miwili. Kafurahi, kanipa mkono. Nimesaini fomu, na Jumanne ijayo naenda kupimwa afya kwa ajili ya viza. Nikaomba nirudishwe mezani. Kasema tutaona.

Nimeamua. Nyumbani hakuna nafasi, huku ipo. Sasa nilale.

Sikulala.

Jumatano, 19 Novemba
Mzee Nasoro hajaja tangu Jumapili. Kanzu yake ya mwisho imening'inia kaunta. Juma alikuwa anapeleka nguo upande ule, nikamwomba meneja nimsindikize. Karuhusu, mashuka hayanihitaji.

Nyumba kubwa, kiyoyozi, ukimya. Mzee ana mafua tu. Alikuwa amevaa msuli na fulana, na sikuwahi kumwona bila kanzu. Kanipeleka mwenyewe kuitundika kanzu niliyomletea. Kabati lote kanzu, zimepigwa pasi, nyeupe tupu, mkono wangu kila moja. Nyingi hazijavaliwa. Nyingine alikuwa anazikunjakunja mwenyewe apate cha kuleta. Aliona nimeelewa.

"Usicheke," kasema.

Sikucheka. Nilimwuliza kwa nini.

"Nilipostaafu, bwana, nilirudi humu ndani kama afisa. Hichi toa, kile weka pale, chakula saa sita kamili. Siku ya kumi mke wangu kanambia, Nasoro, nyumba hii ina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Nami kiburi changu wakijua. Sikumuuliza kitu. Tokea siku ile natoka na kanzu mkononi."

Miaka sita! Mkewe alikuwa jikoni, tunasikia vyombo. Alipita na chai, akaiweka, akatoka. Wanaheshimiana kama watu wa zamu mbili tofauti.

Njiani nilikuwa najiona mimi na meza yangu ya pasi, nasukuma mikeka ya watoto pembeni. Nimeona aibu. Ile meza niliipanga bila kumwuliza mwenye nyumba kwa sababu nilidhani mwenye nyumba ni mimi.

Usiku huu nimeufungua ujumbe wa Zaina. Sekunde tisa. "Sikukatai. Naogopa tu. Hatujawahi kukaa pamoja kwenye nyumba hii." Basi.

Na mimi naogopa. Nashangaa imechukua siku kumi na sita kuliandika neno hilo.

Ijumaa, 21 Novemba
Nimempigia. Nimemwomba msamaha kwa kukata simu, kisha nikamwomba anitembeze nyumba nzima, na mimi nisiseme neno. Nimeuma mdomo kwelikweli. Jiko limehamia nje, nyuma, kwa ajili ya uji wa watoto. Tangi la maji liko kulia, mimi nililiacha kushoto. Swichi ya ukumbini iko nyuma ya mlango. Kila kitu kina sababu, na sababu zote anazo yeye. Niliona kidole chake kina chaki. Mwanamke huyu amefanya kazi, nami nilikuwa naripoti ya kwangu tu.

Alipomaliza nikamwuliza kama ana kazi ya kunipa.

Akacheka, nikajua tumepona. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe lako nimelichelewesha tu." Kisha akawa mwalimu kabisa. Kuna geti, linafunguliwa saa moja kasorobo, wazazi wengine wanawahi kazini. Kuna uji. Kuna kufagia darasa kabla mikeka haijatandikwa. Msichana aliyekuwa anasaidia kaolewa. Pasi, akasema, tutatafuta kona, lakini baada ya saa sita, watoto wakishaondoka.

Nikasema nimekubali. Akauliza, "Umekubali au unajaribu?"

Nimekubali.

Jumatatu, 24 Novemba
Nilimsubiri meneja mlangoni. Nikamwambia khalas, basi, fomu ile aichane. Kesho siendi kupimwa. Viza ikiisha naondoka.

Kajaribu. Saa pungufu, chumba cha peke yangu, likizo ndefu zaidi. Mambo mazuri, na angeyasema mwaka jana ningebaki. Akauliza kama ni ile kandura. Nikamwambia si kandura. Kandura ingenifukuza, na mimi sifukuzwi, naenda mahali ninapongojwa kazini saa moja kasorobo.

Kisha nikadai changu. Sikukuu ya taifa inakuja, kandura zitajaa mpaka dari. Nizipige mimi, mezani kwangu. Kanitazama. Kasema yalla, Anko, haya nenda.

Nilipokanyaga ile pedeli ya mvuke mgongo uliuma palepale. Nilifurahi.

Alhamisi, 27 Novemba
Kandura mia na nne. Hakuna hata moja yenye doa.

Jumatatu, 1 Desemba
Mia na thelathini na moja. Vidole vimevimba. Saa mbili usiku nilimaliza ya mwisho, ya kijana fulani, kifua kimesimama, shada limeanguka lenyewe. Nikazima pasi. Mnepali atakayechukua meza alikuwa ananitazama mikono. Nimemwonyesha namna ya kushika bega, na nikamwambia akiwa kazini awe kazini.

Mzee Nasoro alikuja kuniaga. Mikono mitupu. Kasema mkewe kamtuma sokoni na wanangojana, hawezi kukaa. Sijui kama ni kweli. Alikuwa na haraka ya kweli.

Jumatano, 10 Desemba
Juma kanibeba mpaka uwanja wa ndege kwa gari la nguo. Tumeongea mpira njia nzima. Kushuka, kasema, "Mzee, ukiboeka unipigie." Macho yake yalikuwa mekundu, na yangu pia. Nitamkumbuka mtoto huyu kuliko jiji lote.

Jumatatu, 12 Januari. Tanga
Watoto wamefungua leo baada ya likizo. Ni siku ya thelathini na tatu tangu nifike. Sijawahi kuivuka ya thelathini katika nyumba hii.

Mwezi mzima nilikuwa mgeni. Majirani wanakuja kunitazama, Zaina anatandika kitambaa cha mezani, chai kwenye vikombe vya ua la dhahabu, vile vinavyotoka kabatini nikija likizo na kurudi kabatini nikiondoka. Sikusema kitu. Nilikuwa nafagia, navunja kuni, nangoja. Kuna siku mbili tulinuniana. Moja sababu yangu.

Leo niliamka saa kumi na moja. Baada ya sala nikafagia darasa, nikabandika uji. Zaina akatoka na ubao wake wa majina, amevaa tayari, ana haraka. Akanimiminia chai kwenye kikombe cha plastiki cha bluu, cha watoto, kimetafunwa ukingoni. Hata hakunitazama. Akaniuliza kama uji nimeutia chumvi.

Nikasema nimetia. Nikanywa chai, nikaosha kikombe, nikaenda kufungua geti. Watoto wawili walikuwa wameshafika.